Azimio la Skrini

Jumanne, 7 Novemba 2006. Asubuhi mawingu na manyunyu, upepo wa baridi kutoka upande wa Athi River, matope meusi kila mahali.

Maneno hayo yaliandikwa kwa kalamu ya risasi juu ya ukurasa wa daftari la Mbithe, kwa herufi kubwa zilizosimama wima kama nguzo za ua. Kila ukurasa wa daftari lile ulianza hivyo: tarehe, kisha hali ya hewa. Mwalimu Ouma ndiye aliyeagiza. Siku ya kwanza ya darasa, mwezi wa tano, aliwaambia wanafunzi wake kumi na mmoja kwamba mkono usioandika kila siku hurudi kuwa mkono wa jembe, na asiye na la kuandika aandike tarehe na hali ya hewa, basi. Wengi waliandika wiki mbili wakachoka. Mbithe hakuchoka. Ouma mwenyewe alikuwa ameshasahau kama aliwahi kutoa agizo hilo.

Ouma alikuwa na miaka thelathini na miwili, mzaliwa wa Busia, fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya Nairobi. Alipanga nyumba ya vyumba viwili Kitengela pamoja na mkewe Dolphine na binti yao mchanga, Valerie. Jioni za Jumanne na Alhamisi alijitolea kufundisha ngumbaru katika ukumbi wa mabati wa kanisa. Jioni hiyo ya Novemba alikuwa amepiga magoti, si kwa maombi, bali nyuma ya meza, akichungulia waya.

Darasa lilikuwa na laptop moja ya msaada. Kioo chake kilipasuka safarini, nusu nzima ikawa nyeusi kama lami, kwa hiyo picha yake ilipitishwa kwenye waya mnene hadi kwenye skrini nyingine kubwa iliyokaa peke yake mezani, nzito kama gunia la saruji, na kisogo kirefu nyuma. Kwa skrini hiyo watu wazima wenye macho ya kuazima wangeweza kusoma hata kutoka benchi la nyuma. Katikati ya Oktoba ikafika diski kutoka Kajiado, yenye programu ya mtihani. Bi. Wahu, afisa wa elimu ya watu wazima, angekuja Jumamosi ya tarehe kumi na nane kuwatahini, na atakayefaulu angeondoka na cheti siku hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba programu ile ilikubali siku moja ikakataa siku nyingi. Ikikataa, ilitoa kisanduku cha maneno ya Kiingereza, kisha ikajifunga. Ouma alipoingia ndani ya mipangilio kutafuta ukubwa wa picha uliotakiwa, hakuupata. Pale ambapo siku njema palikuwa na vipimo sita au saba vya kuchagua, sasa palikuwa na viwili tu, vyote vidogo. Vingine havikuwa vimefifia wala kufungwa. Havikuwapo.

"Mwalimu, nisome?" aliuliza Mbithe kutoka benchi la mbele, kisanduku kilipotokea tena.

"Soma, Mama Muthoki." Ouma alimwita kwa jina la kifungua mimba wake, kama walivyomwita wote.

Mbithe alisimama. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mfagiaji katika zahanati ya pale mjini, na hadi mwezi wa tano hakujua kusoma zaidi ya jina la basi. Alisoma neno moja moja kwa kidole, akafika kwenye neno lililomshinda, akafungua kamusi yake ndogo iliyofungwa kwa utepe wa cherehani. Darasa zima lilingoja. Walikuwa wamezoea kumngoja, maana alikuwa na desturi ya kurudi na kitu.

"Resolution," alisema. "Ni azimio. Mwalimu, inasema azimio letu ni dogo."

Mzee Maweu, mwenyekiti wa darasa, mchonga mawe mstaafu mwenye viganja vipana kama koleo, aliitikia kwa kichwa. "Hilo nimelijua kitambo. Watu wa siku hizi wanaanza kila kitu nusu nusu. Tutaongeza maombi."

"Mzee, hapo si azimio la moyo," Ouma alisema akicheka. "Ni wingi wa nukta kwenye picha. Kama kitambaa. Nyuzi zikiwa chache, ua halitoshei. Hii skrini ina uwezo wa nyuzi nyingi, nimesoma nyuma yake. Lakini laptop hainipi nafasi ya kuzichagua."

"Kwa hiyo laptop ndiyo haina azimio," alisema Kisemei, mfanyabiashara wa mbuzi aliyeshinda minadani Kajiado na kurudi na vumbi la mnada kwenye shuka. "Muiache na mimi siku moja sokoni. Itaazimia."

Walicheka. Mbithe hakucheka. Alikaa, akaandika, na Ouma aliyekuwa karibu alimwona akilipigia neno hilo mstari mara mbili.

Ouma alijua sababu. Darasa zima lilijua. Karani wa dirisha la kadi kule zahanati alikuwa akihamia Kimana mwisho wa mwezi, na matroni alikuwa amemwambia Mbithe: lete cheti cha serikali kabla ya tarehe thelathini, dirisha ni lako, usipoleta, natangaza kazi. Hakukuwa na mtihani mwingine hadi mwaka mpya. Wala si cheo alichokitaka. Kwa miaka tisa alifagia mbele ya dirisha lile akiona watu wakingoja kadi zisizopatikana kwa sababu jina liliandikwa vibaya. Yeye mwenyewe alikuwa na kadi nne: Mbithe, Mbithi, Mbete, na moja ya Beth. Kisemei aliwahi kukaa pale na mtoto mwenye homa tangu asubuhi hadi adhuhuri, kadi ikitafutwa kwenye K, kumbe iliandikwa Simei. Aliondoka na mtoto wake bila dawa, akatembea hadi duka la dawa la mbali. Mbithe alikuwa amesimama na fagio mkononi, kadi ile ikiwa ndani ya sanduku la tatu, na hakujua kusoma.

Basi Ouma alilichukua jambo lile kama deni la heshima. Jumatano alibeba laptop hadi kazini Nairobi, akaiunganisha na skrini ya ofisini. Vipimo vyote vikajitokeza, vimepangana kama ngazi. Akasema: hapa nimemkamata mwizi, ni ile skrini ya kanisa. Jioni akaipakia skrini ya kanisa kwenye mkokoteni, akaifunika kwa nailoni, akaisukuma kwenye matope hadi nyumbani kwake, akaiunganisha na laptop ile ile. Vipimo vyote vikajitokeza.

Dolphine alikuwa akimnyonyesha mtoto, akimtazama. "Baba Valerie, umeleta televisheni isiyoonyesha mpira?"

"Ni ya darasa. Inaumwa."

"Mbona naiona nzima?"

"Hapa ni nzima. Kanisani inaumwa."

Dolphine alifikiri kidogo. "Basi ni kama wewe. Hapa unakoroma, kanisani unajifanya malaika."

Alibadilisha waya. Aliondoa programu ya picha, akaweka mpya. Alileta kifaa cha kusawazisha umeme, maana umeme wa Kitengela ulikuwa na tabia ya kupanda na kushuka kama bei ya nyanya. Alhamisi tarehe tisa: vipimo viwili. Jumanne tarehe kumi na nne: vipimo viwili. Mzee Maweu, kwa moyo mweupe kabisa, alikuwa ameyarefusha maombi ya ufunguzi mara mbili, akiwataja kwa majina laptop, skrini, waya na Bi. Wahu. Zilibaki siku nne. Ouma alipiga simu kwa mwenzake wa kazini, akaambiwa tatizo linalokuja na kwenda ni tatizo la kumzeesha mtu, anunue skrini nyingine. Skrini nyingine haikuwapo.

Jioni hiyo ya Jumanne, wenzake walipotawanyika, Mbithe alibaki kando ya tangi la maji, daftari kifuani, akisubiri Ouma afunge mlango.

"Mwalimu, niko na neno. Lakini naogopa kulisema."

"Sema tu, mama."

"Ni kuhusu maombi. Sitaki ionekane nahesabu maombi ya mtu."

Alifungua daftari. Ouma aliinama, mwanga wa jioni ukiwa bado unatosha. Chini ya tarehe na hali ya hewa, kila ukurasa, Mbithe alikuwa ameandika mambo ya siku: nani amekuja, tumesoma nini. Na tangu diski ilipofika, alikuwa ameongeza mistari mitatu. Ouma alisoma.

Jumanne, 17 Oktoba. Jua kali. Maombi: Kisemei. Taa ya skrini: inawaka. Picha: kamili.

Alhamisi, 19 Oktoba. Jua, vumbi. Maombi: Mzee Maweu. Taa ya skrini: imezima. Picha: ndogo.

Alifunua kurasa. Picha ndogo, Maweu. Picha ndogo, Maweu. Alhamisi ya tarehe mbili Novemba, siku Mzee alipokwenda Kajiado kufuatilia pensheni yake: mvua kubwa, maombi Kisemei, picha kamili. Kisha Maweu tena, ndogo, ndogo, ndogo.

Ouma alicheka, si kwa dharau, ila kwa uchovu. "Mama Muthoki, kompyuta haijui ni nani ameomba."

"Najua haijui," alisema Mbithe. "Ndiyo sababu sikuangalia mdomo. Niliangalia mikono."

Kicheko kikamkauka Ouma mdomoni.

"Laptop unaiwasha wewe kabla ya maombi," Mbithe aliendelea, "kwa sababu inachelewa kuamka. Si ndiyo? Halafu Mzee anasimama. Kabla hajafumba macho, anabonyeza kitufe cha skrini, tak, inazima. Anasema picha inawatoa watu mawazo. Tukisema amina, anabonyeza tena, inawaka. Wewe huoni, kwa sababu ukiambiwa tuombe, unafumba kweli. Kisemei yeye hazimi. Anaomba akiangalia mlangoni, kama mtu anayelinda mbuzi."

Ouma alitoa ufunguo mfukoni. Alifungua tena mlango wa ukumbi, akaingia, Mbithe nyuma yake. Akazima vyote. Akawasha laptop huku skrini imezimwa, akahesabu dakika nne, akawasha skrini. Vipimo viwili. Akazima vyote. Akawasha skrini kwanza, kisha laptop. Vipimo saba. Akarudia. Akarudia mara ya tatu, ingawa hapakuwa na haja, kwa sababu alitaka kukaa kidogo na jambo lile kabla ya kusema.

Alilijua. Hilo ndilo lililomchoma na kumfurahisha kwa pamoja. Alilisoma chuoni na kulifanyia mtihani: laptop inapoamka, huuliza kwa njia ya waya, wewe uliye upande wa pili ni nani, na unaweza picha za ukubwa gani? Skrini ikiwa macho, hujibu, na orodha hujazwa. Nyingine, hasa za zamani, zikiwa zimezimwa hazijibu. Laptop haipati jibu, inaogopa kumharibu isiyemjua, inachukua vipimo vidogo visivyomdhuru yeyote. Nyumbani na ofisini aliwasha skrini kwanza bila kufikiri. Alibadilisha waya, umeme na programu. Hakuwaza kwamba kati ya kuwasha na kutumia kulikuwa na maombi.

Na kazini kwao, ukutani, palikuwa na tangazo: ANDIKA ULICHOKIONA KABLA YA KUREKEBISHA. Miaka saba alipita chini ya tangazo lile. Hakuna fundi hata mmoja aliyeandika. Huyu mama aliandika hadi rangi ya taa.

"Ulijuaje kuandika habari ya taa?" aliuliza.

"Sikujua," alisema Mbithe. "Sikuwa najua kipi ni cha maana. Nikaona niandike vyote, mwenye kujua achague."

Ouma alishusha pumzi. "Sawa. Basi ni rahisi. Nitakuwa nawasha laptop baada ya amina. Mzee hatajua lolote."

"Na Jumamosi? Si umesema Bi. Wahu atawasha mwenyewe, na mwalimu atakaa nyuma asiguse kitu?"

Ni kweli. Ndivyo barua ya Kajiado ilivyosema.

"Tena, hata kama," Mbithe alisema, akilifunga daftari. "Ukimficha mtu mzima jambo lake, umemrudisha utotoni. Huyu mzee ndiye aliyenishika mkono kuniingiza darasani nilipokuwa naona haya. Ataambiwa. Lakini hataambiwa na mtu."

Ouma hakuelewa maana ya maneno hayo hadi Alhamisi.

Alhamisi hiyo palikuwa na joto na nzi wengi. Kabla ya maombi, Mbithe alisimama mbele ya darasa, akampelekea Mzee Maweu daftari kwa mikono miwili. "Mzee, mwalimu alisema tusome maandishi ya mkono ya wenzetu. Nisomee haya. Kuanzia mwezi wa kumi."

Maweu alivaa miwani. Alikuwa na fahari ya kusoma. Alijifunza pamoja na Mbithe, herufi kwa herufi, na bado alisoma kwa sauti ya mtu anayepanga mawe. "Ju-ma-nne. Kumi na saba Oktoba. Jua kali. Maombi, Kisemei. Taa ya skrini, ina-waka. Picha, kamili."

"Supa, Kisemei," mtu wa nyuma akamsalimu Kimaasai. "Umeandikwa kitabuni."

"Ipa," Kisemei aliitikia. "Nilijua siku yangu itakuja."

Mzee akaendelea. Ukurasa wa pili. Wa tatu. Darasa lilikuwa limetulia kwa adabu tu. Kwenye ukurasa wa nne sauti yake ilianza kupungua kasi. Kwenye wa sita aliacha kusoma kwa sauti, lakini midomo iliendelea. Ouma, aliyekuwa amesimama dirishani, aliona kidole kile kipana kikirudi nyuma kurasa mbili, kikapima, kikaja mbele tena. Hakuna aliyemsaidia. Kuku alipita mlangoni. Mzee alivua miwani, akageuka, akakitazama kitufe cha skrini kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

Alikigusa kitufe kwa ncha ya kidole bila kukibonyeza.

"Wiki nne namwomba Mungu afungue kitu ambacho mimi mwenyewe nakifunga."

"Mzee," Ouma alianza, "hata mimi fundi sikuona."

"Wewe nyamaza, wewe ulikuwa umefumba macho, ulifanya vizuri." Maweu alimgeukia Mbithe. Uso wake ulikuwa mgumu. "Sasa mnataka nizungumze na Mungu huku hii televisheni inanitazama?"

Mbithe aliinamisha kichwa kwa heshima, lakini sauti yake haikuinama. "Mzee, siku ile tulipoombea mvua kule shambani kwako, ulizima jua?"

 Wa kwanza kucheka ni Kisemei, kwa kicheko cha puani, kisha benchi zima, na mwisho Mzee mwenyewe, mabega yakitikisika, akifuta jicho kwa nyuma ya kiganja.

"Lakini elezeni," alisema alipotulia. "Kuzima kidogo tu kuna ubaya gani? Si nawasha tena?"

Ouma alifungua mdomo aeleze mambo ya waya na ishara. Kisemei alimtangulia. "Mzee, mimi nikifika bomani kwa mtu nasema supa. Wewe ungekuwa umelala, hujajibu ipa. Nitajuaje wewe ni nani? Nitakaa nje kwa adabu, nikae kwa kijiwe kidogo. Hata ukiamka baadaye, mimi nimeshakaa kwa kijiwe. Siwezi kuingia nianze kupanga viti vyako."

Ouma aliufunga mdomo wake. Kwa miaka saba alikuwa ameshindwa kulieleza jambo hilo kwa wateja wake, na hapa lilikuwa limeelezwa kwa supa na ipa.

Mzee Maweu aliwasha skrini kwa kidole chake mwenyewe. Ouma akawasha laptop. Mzee akaficha mikono nyuma ya mgongo, akafumba macho, akaomba. Hakuyafupisha. Aliwaombea wapishi, wasafiri wa barabara ya Namanga, wenye njaa, na skrini ikamulika paji la uso wake kwa mwanga wa buluu muda wote. Waliposema amina, vipimo saba vilikuwa vimepangana vikingoja.

Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri. Bi. Wahu alifika saa tatu kutoka Kajiado, mwanamke mfupi mwenye koti refu na viatu vilivyobeba nusu ya udongo wa Kitengela. Alimwelekeza Ouma benchi la nyuma. "Mwalimu, leo wewe ni mgeni kama mimi." Akawasha skrini, akawasha laptop, akatoa karatasi zake.

"Huwa mnaanza na maombi?" aliuliza.

Mzee Maweu alisimama. Akaenda mbele, akasimama mahali pake kando ya meza, na mkono wake wa kulia, mkono uliozoea jambo lake tangu mwezi wa tano, ukanyooka kuelekea kitufe.

Ouma, kwa mara ya kwanza tangu utoto wake, aliingia katika maombi jicho moja likiwa wazi. Alimwona Mbithe kwenye benchi la mbele. Alikuwa ameshafumba macho yote mawili. Hakuangalia. Alikuwa amefanya yaliyo yake, akaacha yaliyobaki kwa Mungu na kwa Mzee, na uso wake ulitulia kama maji ya mtungi. Ouma aliona haya kidogo, lakini hakulifumba jicho.

Kidole cha Mzee kilisimama unene wa ukucha mbele ya kitufe. Kisha mkono ukarudi, ukazunguka nyuma ya mgongo, na mkono wa kushoto ukaukamata kwa kifundo kama unavyomkamata mbuzi anayetaka kutoroka. "Baba wa mbinguni," alianza Mzee Maweu.

Programu ilifunguka mara moja. Picha ilijaa skrini pembe hadi pembe.

Mmoja mmoja walikwenda. Kisemei aliandika kwa vidole viwili na kumaliza wa kwanza, akaeleza kwamba mtu aliyezoea kuhesabu mbuzi wakikimbia hawezi kushindwa na herufi zilizosimama. Mzee Maweu alikosea maswali manne, akapita. Zamu ya Mbithe ilipofika, alijifuta mikono kwenye leso, akasoma kila swali mara mbili, akajibu. Swali la mwisho lilisema: andika sentensi moja kwa neno ulilojifunza mwaka huu. Alikaa sana hapo. Bi. Wahu alitazama saa. Kisha vidole vikaanza kwenda, pole pole, tak, tak, na alipomaliza maneno yalikuwa makubwa kwenye skrini, kila mtu akiyaona hadi benchi la nyuma alikokaa Ouma.

Bi. Wahu alijumlisha alama, akajaza cheti, akapiga muhuri. Kabla hajakikabidhi alikishika kidogo. "Mbithe. M, B, I, T, H, E. Nimeandika sawa?"

"Sawa kabisa," alisema Mbithe, na hapo ndipo machozi yalipomlenga, si kwa sababu ya cheti, bali kwa sababu ameulizwa.

"Hiki cheti unakitakia nini, mama?"

"Ni cha dirisha la kadi, zahanati."

"Na sentensi yako ni ya huko?"

"Ni ya huko."

"Basi isome. Simama uisome, tuisikie sote."

Mbithe alisimama. Aligeuka ili asiipe skrini uso wake, maana hakuhitaji kuiangalia tena. Mbele yake walikaa Mzee Maweu na mikono yake mapajani, Kisemei na shuka lake, wenzake wanane, na nyuma yao mwalimu wake. Ouma alikuwa amesimama bila kujua, kama mtu anayemsimamia mgeni wa heshima.

"Hili ndilo azimio langu," alisema Mbithe. "Kila mtu atakayefika dirishani kwangu, nitamsalimu kwanza, nitangoja aitikie, nitamwuliza jina lake linavyoitwa kwao, na sitaandika herufi hata moja kabla hajajibu. Mungu ananisikia, na nyinyi mmesikia."